Kupima Dozi ya Mionzi katika Tiba ya FLASH ya Elektroni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale yanayorudi tena na tena kila tunapozungumza na wanafunzi wa radiografia, wauguzi na jamaa za wagonjwa hapa Mombasa kuhusu FLASH, tiba ya saratani inayotumia miale ya elektroni iliyotolewa kwa kasi kubwa mno. Majibu yamejikita katika upimaji wa dozi, kwa kuwa hapo ndipo penye ugumu. Mengine yote yanayosemwa kuhusu tiba hii hayana uzito mpaka nambari iliyoandikwa kwenye faili la mgonjwa iwe nambari ya kuaminika.

Je, kasi inayotajwa ni kasi ya elektroni zenyewe?

Hapana, ingawa ni rahisi kudhani hivyo. Elektroni yenye nishati ya elektronivolti milioni 6, ambayo ni ya kawaida kabisa katika mashine za hospitali, tayari husafiri kwa zaidi ya asilimia 99 ya kasi ya mwanga, na hakuna mashine itakayoiongezea hapo kasi ya maana. Kinachobadilika katika FLASH ni muda ambao dozi nzima huchukua kumfikia mgonjwa. Mashine ya kawaida humpa mgonjwa takriban grei 0.1 kwa sekunde, hivyo kikao cha grei 2 huchukua sehemu ya dakika. Katika FLASH kasi hiyo hupanda hadi grei 40 kwa sekunde au zaidi, na tiba nzima humalizika kabla mgonjwa hajapepesa jicho. Kwa hiyo neno sahihi ni kasi ya dozi, nalo ndilo litakalotumika kuanzia hapa.

Grei ni nini, na kwa nini ni vigumu kuipima moja kwa moja?

Grei 1 ni nishati ya juli 1 iliyomezwa na kilo 1 ya mwili au maji. Kipimo hiki kilipewa jina la mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Ukitazama nishati peke yake utashangaa jinsi ilivyo ndogo: grei 1 hupandisha halijoto ya maji kwa takriban sehemu 0.24 za elfu moja ya nyuzi moja. Grei 4 au 5 zikiupata mwili mzima kwa mara moja zinaweza kumuua mtu, na bado haziupashi mwili joto hata la kikombe kimoja cha kahawa ya mtaani. Madhara ya mionzi hayatokani na joto. Yanatokana na namna nishati hiyo inavyokata vifungo vya kemikali ndani ya seli, hasa katika DNA. Kwa sababu nishati yenyewe ni haba, wapimaji wa hospitali hawaipimi moja kwa moja. Hupima athari yake fulani, kama vile chaji ya umeme iliyozaliwa hewani au rangi iliyobadilika kwenye filamu, kisha huigeuza kuwa grei kwa hesabu. Njia hiyo ya mzunguko imetufaa kwa miongo mingi, na FLASH ndiyo iliyotulazimisha kuikagua upya hatua kwa hatua.

Wazo la kutumia kasi hii lilitoka wapi?

Mwaka 1959 watafiti Dewey na Boag waliripoti kwamba bakteria waliopigwa mionzi kwa mpigo mmoja mfupi wenye nguvu walistahimili kuliko walivyotarajiwa. Jambo hilo likakaa kimya kwa muda mrefu. Mwaka 2014 kundi la Favaudon wa Institut Curie nchini Ufaransa lilionyesha kwamba mapafu ya panya yaliyopewa dozi kwa kasi ya grei 40 kwa sekunde au zaidi yaliepuka makovu ambayo dozi ileile ilileta ilipotolewa polepole, ilhali uvimbe wa saratani uliathirika kwa kiwango kilekile. Mwaka 2018 mgonjwa wa kwanza alitibiwa Lausanne, Uswisi. Alikuwa mtu wa miaka 75 mwenye limfoma ya ngozi, yaani saratani ya seli za kinga iliyojitokeza kwenye ngozi, na alipewa grei 15 katika milisekunde 90. Taarifa yake ikachapishwa mwaka 2019.

Ni lazima tuongeze upande wa pili, ambao mitandaoni huachwa nje. Mgonjwa huyohuyo alipotibiwa baadaye sehemu mbili za ngozi, moja kwa kasi kubwa na nyingine kwa kasi ya kawaida, wataalamu hawakuona tofauti baina ya hizo mbili. Vilevile, katika jaribio la paka wenye saratani ya pua waliopewa dozi kubwa ya mara moja, paka 3 kati ya 7 wa kundi la FLASH walipata kuoza kwa mfupa miezi kadhaa baadaye. Sababu ya kibayolojia ya faida ya FLASH bado inabishaniwa. Kwa mpimaji, ubishi huo una maana moja ya kikazi: ikiwa maabara mbili zimepata matokeo tofauti, swali la kwanza ni kama dozi zao zilikuwa sawa kweli.

Kasi ya dozi huhesabiwaje, na kwa nini nambari moja haitoshi?

Tumchukue mgonjwa wa Lausanne. Grei 15 zilitolewa kwa mipigo 10, kila mpigo ukidumu takriban mikrosekunde 1, na safari nzima ikachukua milisekunde 90. Ukigawanya 15 kwa 0.09 unapata wastani wa grei 167 hivi kwa sekunde. Lakini elektroni hazikumiminika kwa milisekunde zote 90. Zilikuja kwa mipigo mifupi, na katikati ya mipigo palikuwa kimya. Kila mpigo ulibeba grei 1.5, na ukigawanya grei 1.5 kwa mikrosekunde 1 unapata grei milioni 1.5 kwa sekunde ndani ya mpigo wenyewe. Nambari hizi mbili zimepishana kwa karibu mara elfu tisa, na zote ni za kweli.

Ndiyo maana ripoti inayosema tu kwamba tiba ilitolewa kwa grei 100 kwa sekunde imeacha mengi gizani. Ripoti kamili inataja dozi ya kila mpigo, urefu wa mpigo, idadi ya mipigo, nafasi kati ya mpigo na mpigo, na muda wote. Chombo cha kupimia hujali zaidi dozi ya kila mpigo kuliko wastani. Katika mashine ya kawaida mpigo mmoja hubeba takriban grei 0.0003, mpigo wa Lausanne ulibeba mara elfu tano ya hiyo. Nambari hiyo ya elfu tano inafaa kuwekwa akilini, kwani ndiyo inayoeleza karibu kila tatizo linalofuata.

Chemba ya ioni ndicho chombo kinachotegemewa na hospitali zote. Kwa nini inashindwa hapa?

Chemba ya ioni ni kijisanduku chenye hewa kidogo kati ya elektrodi mbili zilizowekewa umeme wa volti mia kadhaa. Mionzi ikipita humo huvunja molekuli za hewa kuwa jozi za ioni, moja chanya na moja hasi. Kila jozi huhitaji wastani wa elektronivolti 34 hivi. Ioni chanya huvutwa upande mmoja na hasi upande wa pili, chaji iliyofika hukusanywa na kuhesabiwa, na kutokana na chaji hiyo tunajua dozi. Kila kitu kinategemea sharti moja, nalo ni kwamba ioni zote zilizozaliwa, au karibu zote, zifike kwenye elektrodi.

Fikiria kivuko cha Likoni. Kivuko kikishusha abiria wachache usiku wa manane, kila mmoja huelekea langoni kwake moja kwa moja, na karani anayehesabu pale langoni hapotezi mtu. Sasa fikiria asubuhi ya Jumatatu, abiria mamia kwa mamia wamemwagwa kwenye mteremko kwa dakika moja. Watu hugongana, wengine hukutana na jamaa zao katikati, wakashikana mikono wakasimama huko huko. Karani bado anahesabu kwa uaminifu kila anayefika langoni, ila hesabu yake si hesabu ya waliokuwa ndani ya kivuko. Ndani ya chemba hali ni hiyohiyo: ioni chanya inayokutana na ioni hasi huungana nayo, zote mbili zikawa molekuli zisizo na chaji, na hazihesabiwi tena. Mfano huu una upungufu wake, kwa maana msongamano wa ioni hufanya jambo jingine ambalo msongamano wa abiria haufanyi. Chaji nyingi zilizokusanyika mahali pamoja hupunguza nguvu ya umeme uliokusudiwa kuzivuta, hivyo ioni huzubaa zaidi na kupata nafasi zaidi ya kuungana.

Wakati nao una hila yake. Ioni huhitaji makumi ya mikrosekunde kuvuka pengo la milimita moja hivi, na mpigo wa FLASH umeshapita katika mikrosekunde moja. Yaani umati wote umeshashuka kabla mtu wa kwanza hajafika langoni. Katika majaribio yaliyofanywa kwa miale ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, na kuchapishwa mwaka 2020, ambako mpigo mmoja ulifikia zaidi ya grei 5, ufanisi wa kukusanya chaji ulishuka katika hali mbaya kabisa hadi asilimia 4. Mpimaji asiyejua angesoma dozi iliyo ndogo mara kadhaa kuliko ile iliyotolewa, kisha akaongeza mipigo ili kufikia alichoagizwa. Hilo ndilo kosa linalotisha katika taaluma hii, kwa kuwa chombo hakitoi ishara yoyote ya kuharibika. Huandika nambari safi, inayorudiwa vizuri kila ukipima, na isiyo kweli.

Haiwezekani kusahihisha upotevu huo kwa hesabu?

Kwa kiasi fulani inawezekana, na kwa mashine za kawaida hufanyika kila siku. Mpimaji husoma chemba kwa volti mbili tofauti, kwa mfano 300 na 100, halafu kutokana na tofauti ya nambari mbili zilizosomwa hukadiria kiasi kilichopotea, ambacho kwa kawaida ni asilimia moja au chini. Njia hiyo imejengwa juu ya nadharia ya Boag, na huyu ndiye Boag yule wa majaribio ya 1959. Nadharia yenyewe inachukulia kwamba uwanja wa umeme ndani ya chemba haubadiliki mpigo unapopita. Kwenye dozi kubwa kwa mpigo dhana hiyo huvunjika, na pia sehemu ya elektroni zinazobaki huru bila kushikwa na oksijeni haiwezi tena kupuuzwa. Unaweza kupandisha volti ili kuzivuta ioni haraka zaidi, lakini ukizidisha hewa yenyewe huanza kuzalisha chaji za ziada, na sasa unahesabu abiria ambao hawakupanda kivuko.

Kanuni za kazi inafaa zisomwe kwa uangalifu hapa. Mwongozo TRS-398 wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, uliotoka mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2024, umejengwa juu ya chemba ya ioni katika mashine za kasi ya kawaida. Kuchukua kanuni hizo na kuzitumia kwenye FLASH kama zilivyo ni sawa na kupima kina cha bahari kwa fimbo ya kupimia birika. Watafiti wengine wameunda chemba nyembamba mno, zenye pengo la karibu robo ya milimita, ambamo ioni huwahi kufika kabla ya kukutana. Matokeo yake yanatia moyo, na kwa maoni yetu ndiyo njia itakayoirudisha chemba ya ioni kazini, kwa sababu mafundi wa hospitali tayari wanaijua.

Kwa sasa, basi, dozi hupimwa kwa vyombo gani?

Hupimwa kwa vyombo visivyojali haraka ya mionzi, na hasa viwili: filamu ya radiokromiki na vidonge vya alanini. Hivyo viwili ndivyo vilivyothibitisha dozi ya mgonjwa wa kwanza wa Lausanne, na nambari zilizosomwa kwenye vyombo hivyo zilikubaliana.

Filamu ni utando wa plastiki wenye kemikali inayoungana na kuwa ya buluu inapopata mionzi. Mionzi ikizidi, rangi hukolea. Kukolea huko kunategemea jumla ya dozi, na kwa viwango vinavyotumika katika tiba hakubadiliki iwapo dozi ilikuja kwa dakika moja au kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Filamu pia hukuonyesha umbo la mwale wote, kwamba pembeni ni hafifu kiasi gani na katikati kuna doa kali au la, jambo ambalo chemba yenye nukta moja haikuonyeshi. Ubaya wake ni subira: kwa kawaida husomwa siku ya pili, kwa skana, baada ya rangi kutulia.

Alanini ni asidi ya amino, kemikali ileile inayopatikana katika protini za chakula. Ikipigwa mionzi huacha chembe huru zinazodumu kwa muda mrefu, na idadi ya chembe hizo husomwa kwa mashine maalumu ya usumaku. Haijali kasi, haijali sana nishati ya elektroni, na kidonge chake unaweza kukituma kwa posta. Lakini huanza kuwa sahihi kwenye dozi kubwa, kama grei 10 na kuendelea, na mashine ya kuisomea ni ghali. Ndiyo sababu kazi hii huachiwa maabara chache za viwango, kama NPL ya Uingereza.

Je, filamu na alanini hustahimili hali ya hewa ya Pwani?

Hustahimili zikitunzwa, na hapa Mombasa utunzaji si jambo la kupuuza. Filamu huhifadhiwa gizani katika chumba kisichozidi nyuzi 25 au hivyo, maana joto huikolesha rangi kidogo kidogo hata bila mionzi. Bahasha iliyoachwa ndani ya gari mchana wa Januari haifai tena kwa kazi ya kupimia. Alanini nayo huathiriwa na unyevu, na hewa yetu ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Vidonge hukaa katika chombo kilichofungwa chenye kikaushio, na halijoto ya wakati wa kupiga mionzi huandikwa, kwa kuwa usomaji hupanda kwa takriban asilimia 0.1 hadi 0.2 kwa kila nyuzi moja. Filamu za kulinganishia na za kupimia zitoke katika pakiti ya toleo moja, ziwekwe kwenye skana kwa mwelekeo uleule, na zisomwe baada ya muda uleule. Mengi ya makosa ya filamu yanayotufikia chanzo chake ni mikono na skana, si mionzi.

Kalorimita ni nini, na kwa nini maabara za viwango huipenda?

Kalorimita hurudi kwenye maana yenyewe ya dozi: hupima joto. Tulisema kwamba grei 1 hupandisha maji kwa sehemu 0.24 za elfu ya nyuzi. Grafiti hupanda zaidi, karibu mara sita ya hapo, kwa sababu huhitaji nishati ndogo kupashwa joto. Katika tiba ya kawaida kupima ongezeko dogo hivyo ni kazi ya maabara yenye utulivu mkubwa, kwani joto huvuja kabla dozi haijakamilika. Katika FLASH mambo yamegeuka: dozi yote huingia kwa mara moja, joto halina muda wa kutoroka, na ishara ni kubwa. Kasi ileile inayoiangusha chemba ya ioni inaisaidia kalorimita. Katika taaluma hii ni nadra tatizo kugeuka kuwa msaada waziwazi namna hiyo.

Mradi wa Ulaya ulioitwa UHDpulse, ulioongozwa na PTB, maabara ya taifa ya vipimo ya Ujerumani, kuanzia 2019 hadi 2023, ulifanya kazi hii hasa, yaani kuweka mnyororo unaoanzia kalorimita, ukapitia alanini na vipimo vya almasi, hadi chombo cha hospitali.

Almasi inaingiaje hapo?

Kipande kidogo cha almasi iliyotengenezwa maabarani hutoa mkondo wa umeme kinapopata mionzi, na hutoa jibu papo hapo. Vipimo vya almasi vya zamani vilishiba kwenye mipigo mikubwa, yaani usomaji wake uliacha kupanda sawia na dozi. Vipya vimepunguzwa eneo na ukinzani ili visishibe.

Tiba ikiisha kwa milisekunde 90, nani huisimamisha kwa wakati?

Si binadamu. Mtu huhitaji takriban robo ya sekunde kuitikia anachokiona, na kufikia hapo kikao kimekwisha. Mashine za kawaida zina chemba za ioni ndani yake ambazo huhesabu dozi inayotoka na kukata mwale ikitimia. Chemba hizo hushiba vilevile, kwa hiyo mashine za FLASH huhitaji mlinzi wa namna nyingine. Anayependwa zaidi ni transfoma ya mkondo, ambayo ni pete inayouzunguka mwale bila kuugusa. Elektroni zinapopita katikati ya pete huzalisha umeme ndani ya waya wake, na kutokana na umeme huo mashine hujua chaji ya kila mpigo. Halafu kuna kuhesabu mipigo: ikiwa agizo ni mipigo 10, saketi hufunga njia baada ya mpigo wa kumi.

Tatizo linabaki kwamba mpigo mmoja ukiwa na grei 1.5, kosa dogo kabisa linalowezekana katika kuhesabu ni grei 1.5, yaani asilimia 10 ya dozi yote ya mgonjwa yule. Katika mashine ya kawaida, mpigo mmoja wa ziada hauonekani hata kwenye karatasi. Tena, tiba ya kawaida hugawanywa katika vikao vingi, pengine 25 au 30, na hitilafu ya Jumanne inaweza kugunduliwa na kurekebishwa kabla ya Jumatano. FLASH ya kikao kimoja haina Jumatano. Kwa hiyo mashine hujaribiwa asubuhi ya siku hiyohiyo, filamu huwekwa juu ya ngozi ya mgonjwa kama ushahidi, na vyombo viwili visivyotegemeana lazima vikubaliane kabla mlango wa chumba haujafungwa. Wahudumu wanaoona ukaguzi huo kuwa mrefu wana haki ya kuchoka, ila hawana haki ya kuufupisha.

Usahihi unaotakiwa ni kiasi gani?

Kipimo kinachotajwa tangu miaka ya 1970 ni kwamba dozi inayomfikia mgonjwa isipishane na iliyoagizwa kwa zaidi ya asilimia 5. Hiyo ni jumla ya makosa yote, ya kupima, ya kupanga na ya kumlaza mgonjwa. Upimaji peke yake ukila asilimia 5 nzima, wengine hawaachiwi kitu.

Chombo kilicholinganishwa Nairobi kitasoma sawa Mombasa?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wetu karibu kila mwaka, na linahusu chemba ya ioni ya kawaida, ambayo itaendelea kutumika kwa muda mrefu hata FLASH ikija. Chemba nyingi ziko wazi kwa hewa ya chumba. Hewa ikiwa nyepesi, ndani ya chemba kuna molekuli chache, ioni chache huzaliwa, na usomaji hushuka ingawa dozi haikubadilika. Kanuni huweka hali ya rejea kuwa nyuzi 20 na kanieneo ya kilopaskali 101.3. Mombasa iko usawa wa bahari. Chumba chetu kikiwa na nyuzi 24 na kilopaskali 101, usomaji huzidishwa kwa takriban 1.017. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, na kanieneo huko ni kama kilopaskali 83 au 84. Kwa nyuzi 22 kizidisho huwa karibu 1.22. Anayesahau kubadilisha kizidisho aliposafiri na chombo chake amebeba kosa la asilimia 20 ndani ya begi. Cheti cha ulinganishaji huandikwa kwa hali ya rejea ili msafiri afanye hesabu yake mwenyewe, na barometa ya chumba cha tiba inahitaji kukaguliwa kama chombo kingine chochote.

Elektroni hufika ndani ya mwili kwa kina gani?

Kanuni ya haraka ni kwamba elektroni husafiri majini sentimita zinazokaribia nusu ya nishati yake ikihesabiwa kwa mamilioni ya elektronivolti. Elektroni za milioni 6 hukoma karibu na sentimita 3, na sehemu inayofaa kwa tiba ni sentimita 2 hivi. Ndiyo sababu majaribio ya elektroni kwa binadamu yameanzia kwenye ngozi. Ili kuufikia uvimbe wa kongosho au wa mapafu, elektroni zinahitaji nishati ya milioni 100 hadi 250, na mashine hizo hazimo katika hospitali za kawaida. Mwaka 2020 CERN na hospitali ya chuo kikuu ya Lausanne zilitangaza ushirikiano wa kubuni mashine ya namna hiyo, kwa kutumia teknolojia iliyokusudiwa awali kwa fizikia ya chembe. Upimaji wake ni mgumu zaidi, maana mipigo ni mifupi zaidi, na vizidisho vingi vilivyokadiriwa kwa nishati ndogo haviwezi kuchukuliwa hivihivi.

Nani husimamia mambo haya nchini Kenya?

Leseni na usalama wa vyanzo vya mionzi viko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Ulinganishaji wa vyombo ni kazi ya maabara ya upili ya viwango iliyo chini ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, Nairobi. Kimataifa, Shirika la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani yamekuwa yakizitumia hospitali vipimo vidogo kwa posta tangu mwaka 1969: hospitali huvipiga mionzi kwa dozi iliyoamriwa, huvirudisha, na hujulishwa kama imekosea. Huduma hiyo ilibuniwa kwa mashine za kawaida. Nchi itakayotaka FLASH itahitaji njia ya kukaguliwa na mtu wa nje kwa kasi hiyo, na alanini inayotumwa kwa posta ndiyo mgombea wa wazi.

Mama yangu ana saratani. Je, tungoje tiba hii ifike Mombasa?

Msingoje. FLASH bado iko katika majaribio, na wala si tiba ya kawaida katika hospitali yoyote duniani. Tiba ya mionzi ya kasi ya kawaida imethibitishwa kwa mamilioni ya wagonjwa, na saratani iliyochelewa kutibiwa hukua wakati familia inasubiri. Mpelekeni mama kwa daktari wake wa saratani wiki hii. Mkitaka kuuliza jambo la dozi, muulizeni kama mashine itakayomtibu ilipimwa mwezi huu na nani aliyetia sahihi. Mtaalamu wa fizikia ya tiba wa hospitali hiyo atakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.